Daraja la Leta

Mtu mmoja akitumwa na watu wengi, kisha ulimi wake ukateleza, je, ulimi ulioteleza ni wake au ni wa wote waliomtuma?

Swali hilo lilininyima usingizi katika msimu mmoja wa mvua, miaka ile ya vita, nilipokuwa nimemaliza chuo na sina kazi. Nililala chali nikisikiliza mvua juu ya mabati, nikaligeuza swali upande huu na upande ule kama mtu anayechoma hindi na kuogopa lisiungue. Ndivyo nilivyo. Mama alizoea kusema kwamba mimi nikipewa chai, huanza kwanza kufikiri kikombe kilitoka wapi, na chai inapoa.

Tuliishi pembezoni mwa Vulamba, pale nyumba za Butembo zinapokoma na mikaratusi kuanza. Nilikuwa nimesomea siasa na utawala, na katika mji wetu wa miaka ile hilo lilikuwa jambo la kuchekesha, kwa sababu utawala wenyewe haukujulikana ulipo. Kinshasa tuliisikia redioni tu. Waliotutawala walikuwa Beni, watu wenye bunduki, ambao kila baada ya miezi kadhaa waligombana wao kwa wao na kubadilisha wakubwa. Walimu walilipwa na wazazi. Barabara zilitengenezwa na wafanyabiashara. Jirani yetu mmoja, fundi mwashi, aliniita Lisansié kwa ajili ya digrii yangu, na kila tulipokutana alinipa pole.

“Lisansié, ile Leta ulisomea ilikufa lini? Ungetuambia, tukuje ku matanga.”

Nimelitaja neno hilo, na sharti nisimame hapo kidogo, maana habari yote hii inalizunguka. Kwetu serikali huitwa Leta. Wabelgiji walisema l'État, babu zetu wakalisikia kwa masikio yao na kulifanya lao. Baadaye tukaja kujua kwamba katika Kiswahili cha vitabu “leta” ni amri ya kumtaka mtu alete kitu, na tangu hapo mzaha haukuisha: Leta hapana kuleta kitu, inasemaka tu “leta”. Lakini neno hilo lina maana nyingine, ya ndani zaidi, ambayo mtu wa mbali haisikii. Mtu akisogeza ua wake hadi njiani, majirani humwambia, “Hii njia ni ya Leta.” Hawamtishi kwa askari. Wanamwambia kwamba njia si ya mtu, ni ya kila mtu, kwa hiyo aurudishe ua wake. Kisima kisicho na mwenyewe ni cha Leta. Uwanja wa mpira ni wa Leta. Nilipokuwa mdogo nilimsikia bibi mmoja, aliyekuwa akiota jua mbele ya nyumba yake, akimfukuza kijana aliyemzibia: “Sogea kule. Jua ni ya Leta.”

Chini ya mtaa kulikuwa na kijito, na ng'ambo yake yalikuwa mashamba yetu yote. Daraja la saruji la wakati wa Wabelgiji lilichukuliwa na maji, na kwa muda mrefu tulivuka kwa kukanyaga mawe. Wenye chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma ambayo kwetu hubeba kila kitu, kuanzia makaa hadi mgonjwa, walishusha mzigo, wakauvusha kichwani, kisha wakarudi kuchukua chukudu yenyewe. Mvua ikinyesha mlimani hakuna aliyevuka. Mama alikuwa na shamba la maharagwe na viazi upande ule. Tulikula kutoka huko, na karo yangu yote ya chuo ilitoka huko.

Jumapili moja baada ya Misa watu walibaki katika ua wa kanisa dogo la mtaa, wakaanza kuongea juu ya daraja. Zamani wazee wetu wa Kinande walikuwa na kyaghanda, kibanda chenye moto katikati, ambamo wanaume walikaa na kuongea mpaka neno likubalike. Mjini vibanda hivyo vimekwisha, lakini namna ya kuongea ilibaki, na wanawake wameingia ndani yake. Hakuna anayehesabu mikono. Watu huongea mpaka hakuna anayepinga, au mpaka anayepinga achoke na kusema, “Basi, nimesikia.” Mimi nilisimama kando na kutafuta kasoro, kama tulivyofundishwa. Niliona kwamba mwenye sauti kubwa anasikika zaidi. Niliona kwamba mwenye njaa anarudi nyumbani mapema, na neno linakubalika bila yeye. Nilitaka kusema kwamba huo si utaratibu. Lakini jua lilipoanza kushuka neno lilikuwa limekubalika, na hata aliyerudi nyumbani mapema alikubali alipoambiwa.

Neno lilikuwa hili: kila nyumba ilete ubao mmoja wa mkaratusi, na asiye na mti alete mikono yake. Magogo mawili marefu ya kulaza mbao juu yake yaliletwa bila malipo na familia moja ya Kiislamu ya mtaa wetu, wasafirishaji waliokuwa na Fuso, lori lililofanya safari za Beni. Mama alikata mti ambao marehemu baba aliupanda nyuma ya jikoni mwaka niliozaliwa. Kwetu mti huo hupandwa ili siku moja uje kuwa kitu: paa, mlango, jeneza. Nilimwuliza kama hatauhitaji baadaye kwa nyumba. Alisema nyumba tunayo, njia ndiyo hatuna.

Ubao wetu ukawa wa tatu kutoka upande wa mtaa. Kila mtu aliujua wake. Mama alipovuka alirefusha hatua kidogo ili mguu wake uangukie pale, na mara nyingine nilimsikia akimsalimia baba.

Mwashi naye alinisindikiza kwa mzaha wake. “Lisansié, ubao yenu iko na digrii? Inalalama sana.”

Kisha ukaja wito kutoka Beni, ukipitia ofisi ya meya. Kila mtaa uliotengeneza njia au daraja utume mjumbe mmoja kwenye kikao cha barabara. Tukakutana tena katika ua wa kanisa. Mwashi aliuliza kwa nini mmoja, wakati tulijenga wote. Twende wote. Mtu akamjibu kwamba Beni itaishiwa bugali, na watu wakacheka, lakini niliona kwamba swali lake lilikuwa zuri na kwamba hakuna aliyelijibu. Walimchagua mwalimu mstaafu aliyesimamia kazi ya daraja, mzee mpole aliyetufundisha kusoma nusu yetu, mimi nikiwa mmoja wao. Mimi nilipewa kazi ya kumsindikiza, nimsomee karatasi za Kifaransa kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka.

Aliyempa ujumbe ni dada mkubwa wa mama, ninayemwita mama mukubwa, mwanamke wa maneno machache ambaye watu humwachia ayafunge mazungumzo.

“Mwalimu, tunatuma kinywa yako,” alisema. “Kichwa yako ibakie huku. Tutakuchungia.”

Watu walicheka. Mwalimu alivua kofia yake ya sufu, akampa kwa mikono miwili, kana kwamba anamkabidhi kichwa chenyewe. Mama mukubwa akaipokea na kuiweka kwenye kikapu chake. Ujumbe ulikuwa mfupi: daraja limekwisha kujengwa, na tunaomba malori ya jeshi yasipite juu yake, kwa sababu ni mbao. Hakuna zaidi.

Njiani, juu ya magunia ya Fuso, nilifikiri juu ya kofia ile. Chuoni tulijifunza kwamba mjumbe wa namna hiyo, anayebeba neno alilopewa na kunyimwa ruhusa ya kuongeza, sheria za nchi nyingi humkataa. Mjumbe akichaguliwa, walituambia, ni wa taifa zima na afuate dhamiri yake, kwani mtu aliyeacha kichwa nyumbani hawezi kujadiliana. Nililiona hilo kuwa kweli. Kisha nikafikiri kwamba waliofuata dhamiri zao Kinshasa tangu uhuru tumewaona. Nililiona hilo nalo kuwa kweli. Mpaka tunaingia Beni nilikuwa bado nimekaa katikati ya hizo kweli mbili, na mwalimu alikuwa amesinzia begani mwangu.

Beni iko chini kuliko kwetu, na joto lake ni la msitu. Kikao kilifanyika katika ukumbi wenye viti vya plastiki. Mkubwa aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na koti lililomkaa vizuri, alikuwa na mafua, na alituomba radhi kila alipopiga chafya. Alikuwa mgeni wa upande wetu, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha redio. Alisema utawala unataka kujua ni barabara zipi za watu binafsi na zipi za umma, kwa sababu baadhi ya wenye mali walikuwa wakijenga njia na kuzifunga kwa minyororo. Niliona mwalimu akikaza mgongo. Hakupenda mtu adhani kwamba mtaa wetu ni wa watu wa minyororo.

Zamu yetu ikafika. Mwalimu alisema daraja limekwisha, akasema habari ya malori. Mkubwa aliandika, kisha akainua uso.

“Na daraja hilo, mzee, ni la nani?”

Swali hilo halikuwamo katika ujumbe. Mwalimu akajibu kwa fahari, jinsi mtu yeyote wa mtaa wetu angejibu.

“Ni ya Leta, chef.”

“Vizuri sana,” mkubwa akasema. “Basi Leta italitunza.”

Maana mbili za neno moja zilikuwa zimepita mbele yangu, moja ikitoka kinywani mwa mwalimu na nyingine ikiingia sikioni mwa mkubwa, na ukumbini ni mimi peke yangu niliyeziona zote mbili. Nilijiuliza kama naruhusiwa kusema. Mimi sikuwa mjumbe, nilikuwa macho tu. Je, macho yana haki ya kusahihisha kinywa? Nilipomaliza kujiuliza, walikuwa wanaongea juu ya daraja la mtaa mwingine.

Haikupita juma, askari wawili wakaja na mti wao, wakaulaza juu ya vigingi kichwani mwa daraja, wakaufunga kamba. Barrière, kizuizi cha njiani. Aliyetaka kupita aliacha kitu: fungu la kuni, viazi kidogo, bakuli la maharagwe. Hawakumpiga mtu. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kikohozi, alimsaidia mama kupandisha kikapu mgongoni baada ya kupunguza alichokipunguza.

“Mbote, mama,” alimwambia. “Usikasirike. Siye pia Leta hapana lipa.”

Mama alimwambia kwamba hakasiriki, ila hayo maharagwe ni mbegu. Akavuka, akakanyaga ubao wetu, na jioni ile hakumsalimia baba. Baada ya hapo aliacha daraja. Aliteremka bondeni, akavuka penye mawe ya zamani, na mvua zilikuwa zinazidi. Nilimwona siku moja kutoka juu, maji yakiwa magotini, kikapu kikimvuta nyuma, mkono mmoja ukitafuta kitu cha kushika mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alipofika nyumbani alikung'uta sketi yake na kuniuliza kama nimekula.

Watu walipowauliza askari ni nani aliyewapa daraja, waliambiwa, “Mulisema benyewe ni ya Leta.” Maneno yakaanza. Wengine walisema mwalimu alinyweshwa kasikisi, pombe ya ndizi, huko Beni. Wengine walisema ameahidiwa ukuu wa mtaa. Aliacha kukaa mbele ya nyumba yake. Nilipokwenda kumwona alikuwa amevaa koti lake la kufundishia, kana kwamba anangoja mkaguzi wa shule. Kofia bado ilikuwa kwa mama mukubwa, na hakuthubutu kuiomba.

“Mutoto wangu,” aliniambia, “ulikuwa pale. Nilisema nini mubaya? Nilisema vile tunasemaka.”

Hapo ndipo usingizi ulipokwisha. Nikinyamaza, wataendelea kuamini kwamba aliuza daraja. Nikisema, nitathibitisha kwamba neno lilitoka kinywani mwake kweli. Na kama kosa ni lake, basi kitabu cha chuo kilikuwa na haki: angeachiwa kichwa chake, angefikiri kabla ya kujibu. Na kama kosa si lake, ni la nani? Hakuongeza kitu chake. Neno lile lilikuwa letu, tulimpa tangu alipozaliwa. Nilimwona mama ndani ya maji kila nilipofumba macho, nami bado nilikuwa nagawa lawama kama anayegawa ardhi ya marehemu.

Jumapili iliyofuata ua wa kanisa ulijaa. Mwalimu alikaa nyuma kabisa, karibu na lango. Mwashi ndiye aliyeanza, na hakutania.

“Kila mutu atoe ubao yake,” alisema. “Leta ibakie na magogo. Itembee juu yake kama paka.”

Wengi waliguna kukubali. Nami, nakiri, nililipenda wazo hilo kwa dakika kadhaa. Ni nadra mtu kuona mamlaka ikivunjwa vipande ambavyo kila mtu anaweza kubeba chake begani. Lakini mama alisimama, yeye ambaye hasemi mbele ya watu.

“Ubao yangu nikiitoa,” aliuliza, “nitapita wapi?”

Mtu mmoja akasema Leta ikae mbali nasi, tangu zamani tumejitegemea, hatuihitaji kwa lolote. Ndipo akaongea mwanamke aliyekimbilia kwetu kutoka upande wa Kasugho. Alikuwa akikodi chumba kwa jirani yetu, na siku ya daraja alileta mikono yake kwa kuwa mti hakuwa nao. Aliongea polepole, akitazama chini. Alisema kule kwao, msituni, Leta haikuwapo kabisa. Watu walijitegemea vizuri, walikuwa na mashamba mazuri kuliko haya. Kisha wakaja wenye bunduki, na hapakuwa na mtu wa kumwendea na kusema: waondoe hawa.

“Muko na mutu wa kuomba,” alisema. “Hata kama anakamata maharagwe yenu. Siye tulikuwa tu na miguu ya kukimbia.”

Nilifikiri juu ya kurasa nyingi nilizosoma kuhusu kazi ya serikali: ifike wapi, ikome wapi. Huyu alikuwa amelipima jambo hilo kwa mwili wake. Alitaka serikali ya kuiendea. Mama alitaka serikali imwondokee njiani. Na wote wawili walikuwa wamejenga daraja moja.

Nikajikuta nimesimama. Mwashi akasema kwa sauti ya chini, “Tunyamaze, Leta iko inafufuka,” na kicheko kidogo kilinisaidia. Niliwaeleza kilichotokea Beni jinsi kilivyotokea: habari ya minyororo, swali lisilokuwamo katika ujumbe, jibu la mwalimu. Niliwaambia neno lenyewe kama alivyolisema.

Mama mukubwa alikunja uso. “Mais, njo vile tunasemaka bote.”

“Ndiyo, mama mukubwa. Njo vile.”

Mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka ua, kicheko cha watu waliojikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yao wenyewe. Mwashi alimwambia jirani yake kwamba hata yeye juzi alisema choo cha shule ni cha Leta, basi askari watafika huko pia. Watu waligeuka kumtazama mwalimu karibu na lango. Yeye hakucheka. Alikuwa akifuta macho kwa mkono wa koti.

Tulitumia muda uliobaki kutafuta neno lingine. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kutafuta magogo. Mtu akisema daraja ni letu, Beni itasikia kwamba ni la watu wa minyororo. Ni la mtaa? Na mwanamke wa Kasugho, ambaye si wa mtaa? Ni la kanisa? Wenye Fuso si wa kanisa, nao ndio walioleta magogo. Nilitoa maneno mawili matatu ya kisheria, na kila moja lilipokelewa kwa adabu na kuachwa palepale chini. Mwishowe mwenye Fuso mwenyewe, aliyekuwa amesimama nje ya ua kwa heshima, alisema kupitia juu ya ukuta kwamba daraja ni la wenye kupita. Hakuna aliyepinga. Hata mwashi alisema, “Basi, nimesikia.”

Ujumbe ukawa hivi: daraja ni la wenye kupita. Leta izuie malori na iwazuie wenye bunduki, hiyo ndiyo kazi yake pale, na mti uondolewe. Mwalimu aliomba atumwe mtu mwingine. Mama mukubwa alikataa. Alisema kinywa ni kilekile, kilichobadilika ni neno. Lakini safari hii aliniagiza mimi niseme na mwalimu akae kando yangu kama shahidi, ili sote wawili tusikie kilichosemwa na kilichosikiwa.

“Na weye, Lisansié,” aliongeza, akifungua kikapu ambamo kofia ya mwalimu ilikuwa bado imelala, “kichwa yako njo nzito zaidi. Iache pia.”

Sikuwa na kofia. Nilimpa kalamu yangu.

Mkubwa wa Beni alitukumbuka. Mafua yalikuwa yamepona. Nilisema ujumbe wote, nikaeleza pia neno Leta linavyosemwa kwetu, na alisikiliza hadi mwisho, akatabasamu kwa kweli, akasema amekaa mwaka mzima katika nchi hii bila mtu kumweleza hivyo. Alituagizia chai. Kisha akavuta kiti chake karibu na changu.

Alisema mti hawezi kuuondoa. Askari wale hawana mshahara, na akiwaondoa pale watakwenda mahali asipowaona, wafanye mabaya zaidi. Lakini anaweza kuagiza kwamba mwanamke mwenye kikapu apite bure, asiguswe. Chukudu na mizigo ya biashara ndiyo itakayoacha kitu.

“Wewe ni msomi,” aliniambia. “Unaona kwamba ni jambo la haki. Sema ndiyo hapa, na kesho asubuhi mama zenu wanapita.”

Niliona, kweli. Nilimwona mama kesho asubuhi juu ya ubao wa tatu, miguu mikavu. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kutaka kazi. Niliwaona pia vijana wa chukudu, wasiokuwapo ukumbini, ambao ningewaacha nyuma ya mti kwa neno moja. Walileta mbao zao kama sisi. Labda wao wenyewe wangekubali, kwa ajili ya mama zao. Labda wangekataa. Sikujua, na kutojua huko hakukuwa woga wangu wa kawaida. Ni kwamba jibu halikuwa kichwani mwangu. Lilikuwa Butembo, limegawanyika katika vichwa vingi.

Nilimtazama mwalimu. Hakunisaidia. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, bila kofia, kama mtu aliyekwisha kulipa na sasa anangoja kuona mwingine atafanyaje.

“Chef,” nilisema, “neno lako ni zuri. Mais mimi ni kinywa tu. Acha nirudi nibaulize.”

“Kila siku unayorudi kuuliza, mama yako yumo majini.”

“Ninajua, chef.”

Bila hasira, akasema atakuwapo mpaka Ijumaa, na baada ya hapo hajui kama yeye mwenyewe atakuwa bado ni mkubwa.

Tulitoka. Joto lilikuwa limeanza kupungua na barabarani vumbi jekundu lilisimama baada ya kila gari. Fuso ya jirani yetu ilikuwa imejaa chumvi na sabuni, tayari kupanda kwenda Butembo. Dereva aliuliza kama tumepewa daraja letu. Mwalimu alimjibu kwamba tumepewa swali, na kwamba lina haraka. Nilimpa mkono mzee apande kwanza, nikapanda nyuma yake, nikakaa juu ya magunia na kuanza kurudia maneno ya mkubwa kimoyomoyo, moja baada ya jingine, ili nisipoteze hata moja wala kuongeza langu kabla ya kufika uani mwa kanisa.